Uko Jeddah au Riyadh: Je, Uende Makumbusho ya Tariq Abdulhakim?

Ndani ya Al-Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ipo nyumba iliyotengwa kwa ajili ya mtu mmoja na muziki wake. Mtu huyo ni Tariq Abdulhakim, mtunzi aliyekuwa pia afisa wa jeshi, na nyumba hiyo iko chini ya Kamisheni ya Makumbusho ya Wizara ya Utamaduni ya Saudi Arabia. Kwa Mswahili anayeishi Jeddah au Riyadh, au anayepita Jeddah akitoka umra, swali ni moja: je, inafaa kuitumia siku yake ya mapumziko na nauli yake kwenda kuitazama?

Jibu linategemea mambo matatu: uko mji gani, muda wako unaamuliwa na nani, na masikio yako yamekwisha kusikia nini. La tatu wengi hulisahau, nami naliona kubwa kuliko hayo mengine mawili. Makumbusho ya muziki ni mahali pa ajabu, kwa sababu kitu chenyewe kinachoadhimishwa hakionekani. Utaonyeshwa chombo, picha, nishani, sare na karatasi za nota. Wimbo lazima uingie nao mwenyewe kichwani. Anayeingia bila wimbo wowote hutoka baada ya dakika ishirini akisema ameona udi wa zamani.

Kwanza, basi, mjue mwenye nyumba. Tariq Abdulhakim alizaliwa mwaka 1920 upande wa Taif, mji wa milimani juu ya Makka unaosifika kwa waridi. Aliingia jeshini, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akapelekwa Misri kusomea muziki. Aliporudi alikuwa miongoni mwa Wasaudi wa kwanza wenye uwezo wa kuandika na kusoma nota, akafundisha wanamuziki wa jeshi, akatunga nyimbo, na akazunguka kukusanya midundo na ngoma za mikoa ya nchi yake kabla wazee wenye kuzijua hawajaondoka. Wimbo wake “Ya Reem Wadi Thaqif” uliimbwa na Najah Salam wa Lebanon na kuvuka mipaka. Mwaka 1981 alipata tuzo ya muziki ya kimataifa inayohusishwa na UNESCO. Alifariki mwaka 2012. Alikuwa mtu wa kuhifadhi: vyombo, rekodi na vitu vya kale alivikusanya mwenyewe enzi za uhai wake, na hiyo ndiyo sababu leo kuna cha kuonyesha.

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Lamu asishangae kwamba mwanajeshi ndiye anayeitwa mkuu wa wanamuziki wa Saudia. Beni zetu nazo zilizaliwa kutokana na bendi za tarumbeta za kijeshi mwanzoni mwa karne ya 20. Na kuhusu kusomea Cairo, Zanzibar ilitangulia: Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni, na mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoifanya taarab ya ala kuwa mali ya mji. Yule kijana wa Taif na yule wa Unguja walipita njia ileile, wakipishana kwa miaka takribani sabini. Ukiwa mpenzi wa taarab asilia, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kwenda.

Ila uelewe unakwenda kutazama nini. Haya ni makumbusho ya mtu mmoja, ndani ya nyumba moja ya kale. Hutakuta historia nzima ya muziki wa Saudia, kuanzia wapiga ngoma wa Najd hadi wasanii wa leo wa Riyadh. Aliyewahi kuingia makumbusho ya mwimbaji Umm Kulthum pale Cairo, yaliyofunguliwa mwaka 2001 kwenye kisiwa cha Roda, anajua makumbusho ya namna hii yalivyo: miwani yake myeusi, leso yake na magauni yake vimewekwa pale, na mgeni anatazama kitambaa akijaribu kukumbuka sauti. Kwa Tariq pia utaona vitu vya mtu binafsi pamoja na ala na hati, na kuna upande wa utafiti kwa wanaotaka kuchimba zaidi. Kama unatarajia jukwaa, taa na burudani, pesa yako iweke kwa tamasha.

Sikio kwanza, miguu baadaye

Kabla ya kwenda, jipe jioni chache za kusikiliza. Nyimbo zote ninazokusudia zinapatikana YouTube bila gharama, na simu yenye spika mbovu inatosha kuanzia, ingawa visikizio vya masikioni vitakupa zaidi.

Anza na Talal Maddah, mzaliwa wa Makka wa mwaka 1940. Sauti yake ni ya mtu anayezungumza nawe jirani kabisa, na udi wake haumkimbizi. Mwezi Agosti 2000 alianguka jukwaani Abha akiwa anaimba, udi mikononi, mbele ya watu na kamera za televisheni, na hakuamka. Wasaudi wa umri fulani wanakumbuka walikuwa wapi siku ile. Kisha msikilize Mohammed Abdu, aliyezaliwa mwaka 1949 mkoani Jazan na kukulia Jeddah. Yeye ndiye aliyeipeleka sauti ya Saudia katika kila nchi ya Kiarabu. Mtafute na Abu Bakr Salem, Mhadhrami wa Tarim aliyeishi Saudia na kufariki Riyadh mwaka 2017. Nyumba za Wahadhrami za Mombasa, Lamu na Unguja zinamfahamu, na huenda ukakuta wimbo wake uliusikia utotoni dukani kwa jirani bila kujua ni wa nani.

Usiwaache wanawake. Etab, msichana mweusi wa Riyadh, aliimba kwa sauti nzito yenye mzaha na nguvu, akaishia kuishi Misri, na akafariki Cairo mwaka 2007. Ibtisam Lutfi wa Taif, asiyeona kwa macho, aliimba redioni Jeddah kwa ustadi ambao wapenda muziki bado wanauzungumzia. Historia inayowataja wanaume peke yao imekatwa nusu, na wewe kama mgeni una haki ya kuuliza mwongozaji: mabinti hawa wako ukuta gani?

Ukishasikia watu hao, kila mmoja hata nyimbo mbili tatu, utaanza kutambua jambo. Mdundo wa Hijazi, yaani Makka, Jeddah, Taif na Madina, haufanani na wa Najd unakokaa Riyadh. Wa Hijazi una mikunjo na unaelea, una Misri na Yemen ndani yake. Wa Najd unakanyaga ardhi, kama safu ya watu wanaosonga pamoja. Tariq alifanya kazi katikati ya midundo hiyo miwili, na ndiyo maana makumbusho yake yana uzito mkubwa kuliko ukubwa wa nyumba yenyewe.

Vitu vya kusimama mbele yake

Kwenye makumbusho yoyote ya muziki anza na udi, na usiupite haraka kwa kuwa umeuona harusini. Tazama tumbo lake lilivyoungwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa kwa moto na kushikizwa kwa gundi, kimoja ubavuni mwa kingine, mara nyingine cha rangi ya giza kikifuatwa na cha rangi nyepesi. Tazama shingo: haina vile vichuma vya kukatia sauti vilivyo kwenye gitaa, ndiyo maana mpigaji huweza kuipata ile sauti ya katikati ambayo piano haina. Nyuzi zimepangwa mbili mbili, na mara nyingi wa besi husimama peke yake. Kisha inama kidogo utazame ubao wa mbele pale mkono wa kulia unapopita. Udi uliofanya kazi miaka mingi hulika pale, rangi ikawa imefifia na mbao ina mikwaruzo myembamba ya kwenda na kurudi. Udi wa pambo hauna alama hiyo. Ukijua kuitafuta, utaweza kutofautisha mwenyewe chombo kilichopigwa na kilichotundikwa sebuleni.

Ukikuta kifaa kidogo chembamba, kilichochongwa kwenye kipande kimoja cha mti na kufunikwa ngozi badala ya ubao, hicho ni ndugu wa gambusi. Kilitoka Yemen na kusambaa kwa majahazi hadi Komoro, Unguja na Lamu, ambako wazee walikiita pia kibangala. Kabla ya udi mkubwa wa Misri kuteka masikio ya watu, hiki ndicho kilichokuwa kikiimbiwa kwenye baraza za pwani yetu.

Halafu tafuta zeze la Bahari ya Shamu liitwalo simsimiyya. Lina kisanduku au bakuli chini, mikono miwili inayopanda juu, na mti uliolala kati yake unaobeba nyuzi. Mjaluo akiliona atasema hii ni nyatiti. Mganda atasema endongo. Watasema kweli, kwa sababu vyombo hivi ni vya ukoo mmoja, ukoo unaoshika bonde la Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Suez na kuvuka hadi Yanbu na Jeddah. Dada yake mkubwa, tanbura, aliletwa Arabuni na watu weusi kutoka Sudan na kwingineko, na hupigwa pamoja na mkanda wa kiunoni ulioshonewa kwato za mbuzi. Mvaaji akitikisa nyonga, kwato zinagongana kwa kishindo kikavu kinachoshika mdundo wote. Mkanda huo, popote utakapouona, unasimulia habari ambayo maandishi ya ukutani huandika kwa ufupi mno.

Habari yenyewe ni hii. Muziki wa Hijazi ulijengwa na mikono iliyotoka mbali: mahujaji wa Misri, India, Java, Yemen na Afrika Magharibi waliofika na wengine wakabaki, na Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa. Utumwa ulifutwa rasmi Saudi Arabia mwaka 1962, jambo la majuzi kabisa, ndani ya umri wa wazee walio hai. Ngoma zao, mizuka yao ya tanbura na nguvu ya mapigo yao vimo ndani ya muziki ambao leo unaitwa urithi wa taifa. Ukisimama mbele ya chombo chochote kati ya hivi, swali zuri la kumuuliza mwongozaji ni jepesi: nani alikileta hapa? Uliza kwa adabu, na usikubali jibu la “ni cha kale tu.”

Na ukibahatika kuonyeshwa picha au filamu ya mizmar, itazame mpaka mwisho. Ni mchezo wa wanaume wa Hijazi, wakiwa wamesimama kwa duara, mara nyingi pakiwa na moto katikati, ngoma zikilia na wawili wawili wakiingia kuzungusha fimbo. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016. Mtu wa Lamu aliyekulia kwenye kirumbizi hatahitaji maelezo: fimbo, duara, heshima ya kutomuumiza mwenzako, ushindani wa mitaa, vyote anavijua.

Jambo jingine la kubeba kichwani ukipita uchochoro wa Al-Balad: sauti za kale kabisa zilizohifadhiwa za Hijazi zilirekodiwa hapa Jeddah kati ya 1906 na 1909, kwenye silinda za nta, kupitia ubalozi mdogo wa Uholanzi, kwa ajili ya mtaalamu Christiaan Snouck Hurgronje. Silinda hizo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Leiden. Yaani mji huu ulirekodiwa takribani miaka ishirini kabla Siti binti Saad hajapanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya kipaza sauti cha kampuni ya HMV. Tofauti ni kwamba santuri za Siti ziliuzwa zikachezwa madukani na majumbani, huku nta ya Jeddah ikilala maktaba ya Ulaya.

Kimya, kisha kelele

Huwezi kuyaelewa makumbusho haya bila kujua kwamba kwa miongo kadhaa Saudi Arabia haikuwa na matamasha ya hadharani ya kuaminika. Muziki ulikuwepo: kanda ziliuzwa, harusi ziliimbwa, redio na televisheni zilikuwa na nyakati zake. Lakini mtu wa kawaida kukata tiketi na kwenda kumwona Mohammed Abdu ndani ya nchi yake lilikuwa jambo la nadra. Mwaka 2017 mambo yalibadilika. Januari mwaka huo Mohammed Abdu aliimba Jeddah, Machi akaimba Riyadh, na Desemba Hiba Tawaji wa Lebanon akaimba Riyadh mbele ya wanawake. Mwaka 2020 ikaanzishwa Kamisheni ya Muziki. Leo Riyadh ina majukwaa yenye majina ya Mohammed Abdu na Abu Bakr Salem, na kelele za tamasha la Soundstorm zinasikika usiku kucha kila Desemba.

Kwa hiyo nyumba ya Tariq ni sehemu ya nchi kujikumbusha kwamba ilikuwa na muziki kabla ya taa hizi mpya. Nauona ni uamuzi mzuri wa serikali yao, na ningependa kuuona kwetu pia: mtunzi akipewa nyumba nzima, si kona ya kabati karibu na ngozi ya chui. Kampala ina Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yenye mkusanyiko wa ala za asili unaostahili kila sifa, na hapo mgeni huweza kuzisikia zikipigwa. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa makumbusho ya muziki popote: je, kuna sauti? Ukifika Jeddah, ulizia mahali pa kusikilizia rekodi, na ukipewa visikizio kaa navyo hata kama wenzako wametangulia.

Kama wewe ni hujaji au mwenye umra

Msimu wa hija usihangaike. Ratiba ya msafara ina mwenyewe na mwili wako una kazi kubwa zaidi. Mwenye umra ana nafasi zaidi, kwa kuwa misafara mingi huweka siku ya Jeddah mwishoni, kwa matembezi ya ufukweni na manunuzi ya Al-Balad. Treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, hukutoa Makka hadi kituo cha Sulaymaniyah, Jeddah, kwa muda mfupi kuliko foleni ya Mbagala au ya Thika Road, na kutoka hapo teksi inakufikisha mji mkongwe. Mwambie kiongozi wa msafara mapema, na upange saa ya kurudi.

Kuna swali la moyoni ambalo mwongozo wa kweli hauwezi kuliruka. Wapo Waislamu wanaoamini kwamba ala za muziki hazifai, na wapo wanaoona vingine. Wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi. Kama wewe ni wa msimamo wa kwanza na umetoka kwenye ibada ukitaka kuulinda utulivu wako, usiende, wala usimruhusu mwenzako wa safari akusute. Al-Balad ina mengi mengine. Bayt Nassif, nyumba aliyofikia Mfalme Abdulaziz alipouingia mji mwaka 1925, iko palepale, na jirani yake umesimama mwarobaini mkongwe. Bab al-Bunt, lango walilopitia mahujaji waliokuja kwa meli, wakiwemo mababu zetu wa pwani, liko upande wa bahari. Nyumba zenyewe za mawe ya matumbawe na roshani za mbao zitakurudisha Mji Mkongwe wa Unguja au Old Town ya Mombasa. UNESCO iliitambua Al-Balad mwaka 2014. Na ukiwa bado kwenye ihramu, maliza ibada yako kwanza.

Ukiwa Riyadh

Riyadh na Jeddah zinatenganishwa na kilomita zipatazo 950 za barabara. Basi ni usiku kucha na zaidi, treni ya moja kwa moja hakuna, na ndege ni chini ya saa mbili. Kusafiri umbali huo kwa ajili ya nyumba hii peke yake sikushauri, labda uwe mtafiti au mpigaji udi. Iunganishe na umra, au na kumtembelea ndugu.

Hapohapo Riyadh una cha kuona, na pengine ni bora zaidi kwako. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1999 mtaa wa Murabba, ni ya historia kwa jumla, mazuri lakini siyo ya muziki. Nenda Diriyah, kwenye magofu ya udongo ya At-Turaif yaliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2010, na upange ziara yako wakati wa sikukuu: Siku ya Kuasisiwa tarehe 22 Februari, Siku ya Taifa tarehe 23 Septemba, au Idi. Hizo ndizo nyakati za kuona Ardha ya Najd ikichezwa na watu wenyewe: safu mbili za wanaume wenye panga, mshairi akitoa beti, safu zikimjibu, ngoma kubwa na ndogo zikijibizana nyuma yao. Ardha ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2015. Ukilinganisha ngoma iliyo nyuma ya kioo Jeddah na Ardha inayotikisa ardhi chini ya viatu vyako, mimi nakuambia chagua Ardha.

Siku yenyewe

Saa za kufungua na kiingilio viangalie siku ileile, kwenye kurasa za Kamisheni ya Makumbusho au kwenye ramani ya Google, kisha upige simu. Ratiba Saudia hubadilika kwa msimu, na mwezi wa Ramadhani shughuli nyingi huhamia usiku. Ijumaa asubuhi usijaribu. Maduka ya Al-Balad hufunga mchana na kufunguka baada ya alasiri, hivyo kwa ziara ya kawaida fika kuanzia saa kumi jioni, uanze na makumbusho, kisha uache giza likukute vichochoroni taa zikiwashwa. Kati ya Juni na Septemba joto la Jeddah huweza kupita nyuzi 40 na fukuto la bahari juu yake. Beba maji, na mzee au mgonjwa asitembezwe mchana.

Dereva wa Uber au Careem mwambie akushushe karibu na Bayt Nassif au Bab Makkah, kisha utembee. Ukarabati wa mji mkongwe unaendelea, na njia iliyokuwa wazi jana unaweza kukuta imezungushiwa mabati leo. Vaa viatu vya kufunga, maana mawe ya njia hayako sawa na ngazi za nyumba hizi ni za mwinuko mkali. Mwenye magoti mabovu aulizie mlangoni kama kuna lifti kabla ya kulipa.

Iqama, yaani kibali chako cha ukaazi, iwe mfukoni, au ionekane kwenye programu ya Absher. Mavazi ya heshima yanatosha, kwa mwanamume na mwanamke. Picha: omba ruhusa ndani, na nje usimpige mtu picha, hasa mwanamke au familia, bila idhini yake. Kiarabu chako cha nyumbani kwa bosi kinatosha kununua maji na kusalimia. Kwa maelezo ya ala utahitaji mwongozaji anayejua Kiingereza, au programu ya kutafsiri kwenye simu. Jiandikie kabla majina manne ya vitu unavyotaka kuona, uwaonyeshe wahudumu. Mgeni anayeuliza kwa jina hupewa muda zaidi kuliko anayezubaa.

Wengi wanaosoma haya muda wao si wao. Dada wa kazi za ndani anayepata siku moja kwa mwezi, mlinzi wa zamu, dereva anayengoja simu ya familia: hao siwaambii “panga ziara” kana kwamba kalenda iko mikononi mwao. Dada, ukitaka kwenda, mwambie mwajiri wako siku kadhaa kabla, taja jina la makumbusho na kwamba ni ya wizara. Familia nyingi zitaelewa sehemu ya serikali upesi kuliko “natoka kidogo.” Usitoke bila ruhusa wala bila iqama, hata kama rafiki anasema hakuna shida. Na kama siku yako hiyo moja mwili unadai usingizi, lala. Tariq atakungoja.

Ombi langu ni kwa wale wenye gari, wenye ruhusa ya kutoka wanapotaka na wenye familia zao hapa Jeddah. Mkipanga kwenda, ongezeni nafasi moja kwa binti wa nyumbani kwenu au dada mnayemjua kutoka Mombasa, Kampala au Tanga. Mlipieni kiingilio, mpitieni mapema, na mrudisheni kabla ya saa aliyopewa.